Moja ya Nini? Vizio vya Vipimo katika Uchoraji wa Majengo kwa Kompyuta



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo vitabu vingi vya AutoCAD, programu ya kuchorea, hulimaliza kwa nusu ukurasa. Mwanafunzi huelekezwa afungue kisanduku cha UNITS, achague hiki na kile, abonyeze OK, kisha aanze kazi yenyewe, yaani kuchora. Mimi nadai kazi yenyewe imeshaanza pale, na kwamba sehemu kubwa ya ugomvi kati ya mbunifu majengo, mpima ardhi na mkadiriaji majenzi huzaliwa ndani ya kisanduku kile.

Kwanza tujue programu inajua nini. Ukichora mstari kuanzia sifuri hadi 4000, kompyuta inahifadhi 4000. Basi. Haihifadhi mita, wala milimita, wala futi. AutoCAD ilitoka mara ya kwanza Desemba 1982, na msingi wake ni huo hadi leo: kitu kinachorwa kwa ukubwa wake halisi, na nambari inabaki nambari. Babu zetu wa fani hii, waliochora kwa wino na rula, walilazimika kuamua skeli kabla hawajagusa karatasi. Sisi tumeondolewa mzigo huo. Skeli tunaijali wakati wa kuchapisha. Lakini tumepewa swali jingine badala yake, na hilo halisubiri uchapishaji: moja ya nini?

Kisanduku cha UNITS kina mambo matatu yanayofanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa kazi.

La kwanza ni namna ya kuandika urefu. Ziko namna tano, na majina yake yanashawishi. Mwanafunzi wa ubunifu majengo anaona neno Architectural, anajiambia hii ndiyo yangu, anaichagua. Mwenzake wa uhandisi anaona Engineering, naye anachukua ya kwake. Kumbe zote mbili zilitungwa kwa ajili ya michoro ya Marekani, na zote mbili huchukulia kwamba moja ni inchi. Sasa chora chumba cha mita 4 kwa milimita, yaani 4000, halafu uulize urefu wake ukiwa ndani ya Architectural. Utajibiwa 333'-4". Futi mia tatu thelathini na tatu na inchi nne! Programu haikukosea hesabu hata chembe: imeambiwa ni inchi 4000, ikagawa kwa 12. Chumba hakijaguswa. Rudi kwenye Decimal na 4000 yako utaikuta pale pale. Nimeona watu wakifuta mchoro mzima wa siku nzima kwa sababu ya hofu hiyo, na hapakuwa na kilichoharibika.

La pili ni idadi ya tarakimu baada ya nukta. Hili ni la macho tu. Ukiiamuru ioneshe nambari nzima, urefu wa 2999.6 utasomeka 3000, lakini ndani bado ni 2999.6. Ushauri wangu ni kuacha tarakimu mbili tatu zionekane muda wote wa kuchora, ili ukuta usioungana sawasawa ujitaje wenyewe. Kuzificha ni kwa siku ya kuchapisha.

La tatu ndilo lililonileta hapa. Limewekwa chini, kana kwamba ni nyongeza: kizio cha vitu vinavyoingizwa. Jina lake la ndani ni INSUNITS, na hushika nambari: 1 ni inchi, 2 ni futi, 4 milimita, 5 sentimita, 6 mita. Sifuri maana yake faili limekataa kusema. Hili, ndugu zangu, ni tamko. Faili linautangazia ulimwengu kwamba moja yake ni moja ya kitu fulani. Wala tamko halibadilishi kilichokwisha kuchorwa. Ukichora nyumba ya 12 kwa 9 ukiwa na mita kichwani, kisha ukatangaza milimita, nyumba haikui mara elfu. Inabaki 12 kwa 9, ila sasa faili linaapa kwamba ni milimita 12 kwa 9. Madhara yake hutayaona ukiwa peke yako. Utayaona siku mafaili mawili yatakapokutanishwa.

Na mara nyingi tamko hilo limeshatolewa kabla hujafungua mdomo. Ukianza mchoro mpya kwa kiolezo cha acad.dwt, umetangaza inchi. Ukianza kwa acadiso.dwt, umetangaza milimita. Vinatambulika kwa mipaka ya eneo la kuchorea: cha kwanza ni 12 kwa 9, cha pili ni 420 kwa 297, yaani karatasi ya A3 kwa milimita. Vinatofautiana pia katika kitu kinachoitwa MEASUREMENT, ambacho huamua mistari ya vipande na alama za kujazia kuta zichukuliwe kutoka faili lipi. Ukiona zege ulilolijaza alama limegeuka weusi mtupu, au mstari wa vipande unaonekana mzima, usikimbilie kumlaumu mwenye printa. Angalia ulianzia kiolezo gani.

Niwaoneshe mkutano mmoja wa mafaili kwa karibu, maana ndio unaotokea kila wiki katika ofisi zetu. Mpima ardhi wa Dar es Salaam amepima kiwanja cha mita 20 kwa 30. Mpima ardhi hufikiri kwa mita, na ana haki, kwa kuwa viwianishi vyote anavyovipokea na kuvitoa ni vya mita. Amefungua acadiso.dwt kwa sababu ndicho kiolezo kilichokuwepo, akaingiza bikoni zake nne, akahifadhi, akatuma. Mbunifu naye ana nyumba ya milimita 12,000 kwa 9,000, imekaa karibu na sifuri. Anaambatisha faili la kiwanja. Programu inasoma matamko: huku milimita, kule milimita. Hakuna cha kubadilisha. Inaliingiza kama lilivyo.

Mbunifu anaamuru skrini ioneshe vyote. Haoni kitu. Akikodoa macho ataona doa moja chini na, akibahatika, jingine juu kabisa. Kiwanja kimekuwa milimita 20 kwa 30, kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti, nacho kiko zaidi ya kilomita tisa kaskazini mwa nyumba. Kwa nini tisa? Kwa sababu viwianishi vya Dar es Salaam katika kanda ya 37 Kusini ya mfumo wa UTM ni kama 531,000 kwa upande wa Mashariki na 9,248,000 kwa upande wa Kaskazini. Milimita 9,248,000 ni kilomita tisa na robo hivi.

Hapo ndipo mtu mwenye haraka hufanya kosa la pili, lililo baya kuliko la kwanza. Anafungua faili la mpima, anaita amri ya SCALE, anaandika 1000, anahifadhi juu ya lile la asili. Kuanzia dakika hiyo ofisi ina viwanja viwili vyenye jina moja, kimoja cha mita kwa mpima na kingine cha milimita kwa mbunifu, na hakuna atakayekumbuka ni lini vilitengana. Tiba sahihi ni ndogo mno. Fungua faili la mpima, ingia UNITS, badilisha tamko kutoka milimita kwenda mita, hifadhi. Usiguse mstari hata mmoja. Ukiliambatisha upya, programu itaona mita zinaingia kwenye milimita na itazidisha kwa 1000 yenyewe. Vizuri zaidi, mwombe mpima mwenyewe alirekebishe na akutumie tena, ili nakala yake na yako zibaki ndugu.

Kiwanja sasa kina ukubwa wake. Kimekwenda wapi? Kilomita 9,248 kutoka kwenye nyumba. Na huko ndiko kinakostahili kuwa, maana kwa nchi za kusini mwa Ikweta waliotunga mfumo huu waliipa Ikweta yenyewe thamani ya mita 10,000,000, ili asiwepo mtu wa kuandika nambari hasi. Sifuri ya Kaskazini iko mbali mno kusini. Kwa milimita, bikoni yako inasomeka 9,248,000,000. AutoCAD huhifadhi tarakimu kama 15 au 16 kwa kila nambari, kwa hiyo katika hifadhi hakuna kilichopotea. Lakini sehemu ya kompyuta inayochora skrini mara nyingi hutumia tarakimu saba hivi, na ndiyo maana mistari huanza kutetemeka, alama za kujazia hukatika, na duara huonekana lina pembe. Ninachokipendelea mimi ni hiki: chagua bikoni moja ya kona, sogeza kiwanja kilichoambatishwa mpaka bikoni hiyo ikae karibu na sifuri ya mchoro wako, kisha andika ndani ya mchoro, kwa maneno, viwianishi vyake halisi pamoja na jina la mfumo. Jina la mfumo lisisahaulike. Nukta ile ile ya Dar es Salaam ikiandikwa kwa mfumo wa Arc 1960 na kwa ule wa WGS 84 hutofautiana kwa takriban mita 300, na hilo si kosa la kizio hata kidogo. Hakuna UNITS ya kulitibu.

Kuna nambari ambazo kila mchoraji anapaswa kuzijua kama anavyojua namba yake ya simu. Bloku ya mlango wa 900, yaani mlango uliochorwa tayari kwa kuingizwa, ikiingia na kusoma 35.43, jua kuna faili linalodai inchi mahali ambapo hapana inchi: 900 imegawanywa kwa 25.4. Ikiingia na kusoma 22,860, ni kosa lile lile kwa upande wa pili, imezidishwa. Ukikuta dirisha lililopakuliwa kutoka kwa mtengenezaji wa Marekani lina upana wa 1219.2, usilifute, hilo ni sahihi kabisa, ni inchi 48. Ukilikuta lina 48 tu, basi faili lake lilikataa kusema, na programu imelichukua kama lilivyo. Inchi ni milimita 25.4 kamili, bila mkia, tangu mapatano ya 1959, na futi ni milimita 304.8. Kwa hiyo kila unapoona tofauti isiyoelezeka, gawa ulichokipata kwa ulichokitarajia, au kinyume chake. Jibu likiwa 25.4, 304.8, 3.28, 39.37 au 1000, umeshampata mhusika.

Mafundi mliopo hapa mnatabasamu, nawaona. Kwenu ninyi inchi haikuondoka. Nchi zetu zilihamia mfumo wa metriki baada ya uhuru, lakini katika saiti moja leo nondo huagizwa kwa milimita, tofali kwa inchi, mbao ni mbili kwa nne, bati ni la futi kumi, bomba la nusu inchi, zege kwa mita za ujazo, na shamba la jirani kwa ekari. Wala simlaumu mtu. Fundi mzuri anavuka kutoka upande mmoja wa tepu kwenda mwingine bila kupepesa. Wajenzi wa mji wa zamani wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walikuwa na dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na upana wa vyumba vyao ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Lakini kwao aliyepima ndiye aliyejenga. Mkono uliotoa kipimo ulikuwepo pale pale kuulizwa. Mchoro wa leo hupita mikononi mwa watu watano ambao pengine hawataonana.

Chukueni viwanja vya pembezoni mwa Nairobi. Vinauzwa kama hamsini kwa mia, na muuzaji huongeza kwamba ni thumni ya ekari. Hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000. Thumni ya ekari ni 5,445. Pengo ni mita za mraba 41, nafasi ya sebule kubwa na chumba cha kulala. Hati yenyewe haisemi futi wala ekari, inasema hekta, na hapo futi hamsini kwa mia zinakuwa 0.0465. Kisha anakuja mchoraji, anaambiwa "hamsini kwa mia", anakadiria futi kuwa sentimita 30, anachora mita 15 kwa 30. Kwa urefu wa futi mia amepoteza sentimita 48. Ukuta wa uzio umesogea nusu mita, na jirani hana kompyuta, ana tepu.

Na sentimita je? Niseme wazi kwamba kwenye mchoro wa jengo siipendi. Uingereza ilipohamisha ujenzi wake kwenda metriki, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ilichagua milimita kwa majengo na mita kwa ardhi, ikaiacha sentimita kwa washona nguo. Faida yake ni kwamba 2400 haihitaji nukta wala jina: hakuna mlango wa mita 2400. Ila 240 inaweza kuwa sentimita za ukuta au milimita za tofali, na kwenye karatasi iliyopigwa jua na kumwagiwa chai nukta ya 2.40 haionekani. Wenzetu wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosomea mapokeo ya Kifaransa huandika mita na sentimita na majengo yao yamesimama. Hilo nalikubali. Shida huja pale mradi unapovuka mpaka, kampuni moja ya Kigoma na moja ya Bujumbura, na kila upande unaona njia yake haihitaji kuelezwa.

Kidogo juu ya pembe, maana nazo zimo katika kisanduku hicho hicho na hazipewi heshima. AutoCAD ikiachwa kama ilivyo, huanza sifuri Mashariki na kuhesabu kinyume cha mwendo wa saa. Mpima ardhi huanza Kaskazini na kufuata mwendo wa saa. Ukiingiza mielekeo ya hati bila kubadilisha hayo mawili, kiwanja kitafunga vizuri kabisa kikiwa kimegeuzwa kama kwenye kioo, na kufunga kwake ndiko kutakakokudanganya. Jambo jingine: digrii 45 na dakika 30 ukiziandika 45.30, programu inaelewa digrii 45 na dakika 18. Dakika 12 zimepotea. Katika mstari wa mita 100 hizo ni sentimita 35. Andika 45d30' na mambo yatanyooka.

Sasa nije kwenye ujanja ninaouchukia. Mtu amechora kwa mita, bosi anataka vipimo visomeke kwa milimita, na muda hakuna. Anaingia kwenye mtindo wa vipimo, anakuta kizidishi kiitwacho DIMLFAC, anaweka 1000. Ghafla ukuta wa 4 umeandikwa 4000. Karatasi inatoka safi. Lakini ukuta bado ni 4. Ni maandishi tu yaliyozidishwa. Mhandisi anayepokea faili anaamini anachokisoma, anachora nguzo ya 230 juu ya nyumba ya 12. Aliyefanya hivyo kwa kujua ameacha mtego, na kwa kawaida anayenaswa ni mwingine.

Mkadiriaji majenzi ana mtego wake pia. Faili la milimita likiulizwa eneo la nyumba yetu litajibu 108,000,000. Kufika kwenye mita za mraba 108 unagawa kwa milioni, si kwa elfu. Ujazo unagawa kwa bilioni. Anayekosea hapa kwa kawaida hushtuka mapema, kwa kuwa bei inayotoka haimithiliki. Hatari iko kwa anayechanganya futi za mraba na mita za mraba. Huyo amekosea mara kumi na robo tatu, na kwenye jengo kubwa kosa la namna hiyo linaweza kupita likiitwa mfumuko wa bei.

Wengine wataniuliza kama programu mpya hazijatuondolea haya. Zimetuondolea kwa sehemu. Revit hukulazimisha uwe na kizio, lakini ndani yake urefu wote huhifadhiwa kwa futi, hata kama jengo liko Dodoma na hujawahi kuandika futi maishani mwako. SketchUp huhifadhi inchi. FreeCAD huhifadhi milimita. Ukibaki ndani ya programu moja hutajua wala hutahitaji kujua. Ukitoka, unarudi kwenye swali letu. Na faili la STL, lile la kuchapisha vielelezo vya umbo, halina tamko kabisa: limejaa nambari tupu, na mashine hukisia, mara nyingi milimita.

Kwa hiyo, wanafunzi, mnaponikabidhi kazi zenu muhula huu, nitadai kitu kimoja ndani ya kila faili. Kwenye leya yake yenyewe, pembeni ya mchoro, pawepo mstari mmoja mnyoofu na maandishi juu yake: mstari huu ni mita kumi. Usiwe bloku, usiwe na kipimo cha kujiandika chenyewe. Uwe mstari wa kawaida na maneno ya kawaida, ili DIMLFAC wala tamko lolote lisiweze kuugusa. Anayepokea faili ataupima kwa amri ya DIST kabla ya jambo jingine lolote. Akisoma 10, amepokea mita. Akisoma 10,000, milimita. 393.7 ni inchi na 32.81 ni futi. Akisoma 254,000, asirekebishe chochote. Ampigie simu aliyemtumia, wafungue UNITS wote wawili na kila mmoja amsomee mwenzake kilichoandikwa.